Meza Inayoingia kwenye Kirikuu

Mpangaji hana haja na meza ya kioo. Nasema hivi nikijua nitawaudhi wengi, maana ukipita Keko jioni, pale mafundi wa Dar es Salaam wanapopanga fanicha mpaka ukingoni mwa barabara, macho ya wapita njia huishia kwenye seti zile zile: kioo juu, viti sita vya migongo mirefu chini, kila kiti kimevishwa nailoni ambayo mnunuzi hataivua kwa miaka. Seti hiyo ikiingia kwenye sebule ya mita tatu kwa nne, nusu ya chumba imekwisha. Wiki za mwanzo watu wanakula pale kwa adabu. Baadaye inakuwa pa kupigia pasi na kutupia mabegi ya shule, na familia imerudi kwenye kochi, sahani mapajani, macho kwenye runinga. Halafu siku baba mwenye nyumba anapandisha kodi, mnahama, na kioo ndicho kinachotangulia kupasuka njiani.

Mimi ni mpangaji wa siku nyingi, na nina sharti moja tu. Kila kitu cha mahali tunapokula lazima kiingie kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kwa safari moja pamoja na godoro na jiko la gesi. Ukishikilia sharti hilo, nusu ya vishawishi vya dukani vinakufa vyenyewe, na bajeti inapona. Ya kwangu niliipima kwa kodi ya nyumba: mahali pa kulia pasigharimu zaidi ya kodi ya mwezi mmoja.

Mfano niliuchukua kwa mama lishe. Angalia kibanda chochote cha mama lishe saa saba mchana: meza nyembamba, benchi mbili, jagi la maji, ndoo ya kunawia pembeni, kivuli. Hakuna anayeelekezwa pa kukaa. Wakubwa na wadogo wanabanana, mmoja anamsogezea mwenzake chumvi, mazungumzo yanaanza kati ya watu wasiojuana. Nyumbani tunatumia fedha nyingi kutafuta utulivu ambao yeye kaupata kwa mbao nne na turubai.

"Dada, hii si meza ya mama ntilie?" fundi aliniuliza nilipompa karatasi ya vipimo.

"Ndiyo yenyewe, fundi. Ila miguu ifunguke."

Akacheka, akachukua penseli sikioni, tukaanza kupatana bei.

Vipimo usimwachie fundi peke yake. Meza iwe na kimo cha sentimita 75 na benchi 45, ili pabaki 30 kati ya mahali pa kukalia na uso wa meza. Zikipungua magoti yanagonga, zikizidi mtoto anakula kidevu kikiwa mezani. Mtu mzima mmoja anahitaji sentimita 60 za ukingo. Kwa hiyo meza ya sentimita 120 inakalisha wawili kila upande bila kugongana viwiko, na upana wa 75 unatosha kuweka sufuria ya wali, bakuli la mchuzi na kachumbari katikati. Nyuma ya benchi isiyo ukutani acha angalau sentimita 75, mtu apite na chungu cha moto pasipo kumwambia mgeni ainuke. Miguu ifungwe kwa bolti na nati badala ya misumari. Hapo ndipo fundi wangu aliponung'unika, kwa sababu bolti ni kazi zaidi, lakini meza inayofunguka inalala kwenye gari kama ubao.

Kuhusu mbao, paini inatosha kabisa. Nyingi zinatoka Sao Hill kule Mufindi, Iringa, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Ni laini, inakwaruzika, na kuilinganisha na mninga ni kuionea tu. Lakini ni nyepesi na bei yake inabebeka. Jambo moja ulishikilie kwa mikono miwili: usikubali mbao za dawa kwenye uso wa meza. Zile za kupaulia, zenye rangi ya kijanikijani, mara nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki ili mchwa wasizile. Darini zinafaa. Pale mtoto anapookota ugali ulioanguka na kuurudisha mdomoni, hazifai. Ukitumia mbao za paleti za bandarini, tafuta muhuri uliochomwa ubavuni: herufi HT maana yake zimetibiwa kwa joto, MB maana yake zimefukizwa gesi ya methili bromidi. Chukua HT, za MB waachie wenyewe.

Baada ya randa nilipiga msasa mwenyewe, kwanza wa chenga kubwa, kisha laini, kila mara nikifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Vanishi mikono mitatu, ukingoni na chini ya meza pia, kwani hewa ya pwani huingilia pale palipoachwa wazi na ubao ukapinda. Kazi hiyo haihitaji ufundi. Inahitaji siku isiyo na mvua na watoto wawe kwa bibi yao.

Benchi zina tatizo moja, na ni la heshima: mzee hawezi kukaa muda mrefu bila kuegemea. Kichwani mwa meza weka kiti kimoja chenye mgongo. Cha kwetu ni cha plastiki, cheupe, kama vile vya kwenye shughuli, na sioni aibu nacho. Kwa wenye kuumwa na kalio nilinunua kipande cha sponji cha unene wa inchi mbili kwa muuza magodoro, nikakata mito minne ya sentimita 40 kila upande. Kitenge cha yadi mbili na nusu kilitosha kuivisha yote, na fundi cherehani aliweka zipu ili foronya zivuliwe zifuliwe. Msisitizie zipu. Mto usiovulika katika nyumba yenye mchuzi wa nazi una maisha mafupi sana.

Mezani natandika kanga. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo, kwa hiyo inaangukia pande zote za meza yangu kwa pungufu kidogo ya shibiri moja, kana kwamba ilipimwa. Na kwa kuwa huuzwa doti, ya pili inangoja kabatini zamu yake. Ifue peke yake kabla ya kuitandika, zaidi ya mara moja ikibidi, kwani kanga mpya hutoa rangi, na mkono wenye maji ukitua juu yake utaacha alama kwenye kanzu ya mgeni. Siku za kawaida naifunika kwa plastiki angavu ile ya kuuzwa kwa mita, Ijumaa naivua. Jambo jingine, kabla ya kununua soma maandishi yake yote. Kuna kanga ziliandikwa kwa ajili ya jirani na mke mwenza, na hutaki mama mkwe akae nusu saa anaikodolea macho sentensi hiyo akidhani umemtandikia yeye.

Sasa mwanga, na hapa ndipo ningemwomba mtu aweke fedha yake ya kwanza, kabla hata ya meza. Nyumba zetu nyingi zina balbu moja katikati ya dari, nyeupe pe, inayofanya pilau lionekane la kijivu na nyuso zionekane za wagonjwa. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K. Ukikuta 6500, ni ule mweupe wa dukani. Tafuta 2700 au 3000, mwanga wa njano, unaofanana na wa kandili. Bei ni karibu sawa. Kisha mwambie fundi umeme ashushe waya na holda mpaka balbu ining'inie sentimita 75 hivi juu ya meza, si juu ya vichwa. Chumba kilekile kinageuka. Kona zinafifia, meza inabaki, na watu wanasogea.

Kuvika balbu hiyo nilitumia kawa, lile la ukili la kufunikia chakula, la rangi za zambarau na kijani, alilonitumia shangazi kutoka Pemba. Nililitoboa kileleni, waya ukapita, likakaa juu ya holda. Mama alipokuja aliliangalia tangu mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, chakula kipo darini?"

Alipokwisha kucheka alikiri kwamba vidoa vya mwanga vinavyopenya kwenye nafasi za ukili na kutapakaa ukutani vinapendeza. Angalizo: iwe balbu ya LED ya wati 7 au 9. Balbu za kizamani za waya zinachemka, na ukindu mkavu unashika moto upesi.

Ukutani sikufanya mengi. Ukuta mmoja, ule wa nyuma ya benchi, niliupaka rangi ya udongo mwekundu, baada ya kuongea na baba mwenye nyumba na kukubaliana nitarudisha nyeupe nikiondoka. Ukuta wa mita tatu kwa mbili na nusu ni mita za mraba saba na nusu. Lita moja ya rangi ya maji hupaka karibu mita za mraba kumi kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita moja na nusu inatosha mikono miwili. Muuzaji atakusukumia kopo la lita nne. Gawaneni na jirani. Sehemu ya chini, mpaka usawa wa kichwa cha mkaaji, ipakwe rangi ya mafuta ya rangi hiyohiyo, maana pale ndipo vichwa vyenye mafuta na vidole vyenye mchuzi vinapoegemea, na rangi ya maji haisuguliki.

Juu yake nimetundika sahani, za bati na za udongo, hakuna mbili zinazofanana, nilizookota mojamoja kwa wauza vyombo vilivyotumika. Wageni hudhani ni mtindo niliouona mtandaoni. Nenda Kunduchi, hapa hapa Dar es Salaam, uone makaburi ya nguzo ya karne ya 18: wajenzi walipachika humo bakuli za kaure kutoka China. Kule Lamu nyumba za mawe zina safu za zidaka ukutani za kuonyeshea vyombo. Watu wa pwani walipamba kuta kwa sahani muda mrefu kabla yetu, na hawakuhitaji ziwe seti.

Kitu kinachosahaulika katika kila picha ya chumba cha kulia cha magazeti ya kigeni ni mahali pa kunawa. Sisi tunakula kwa mkono. Kama mtu lazima apite jikoni akapindue masufuria kwenye sinki ndipo anawe, hajakaribishwa vizuri. Nyumba nyingi zimebaki na ndoo zenye koki tangu mwaka 2020, wakati wa korona, zimesukumwa stoo. Itoe ya kwako. Fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya nondo yenye ngazi mbili, juu ndoo, chini beseni, na ndoano ya taulo ubavuni. Ipake rangi ile ile ya ukuta, pembeni weka kopo la rehani. Mgeni akiingia anaiona, ananawa, anakaa.

Na kama chumba ni cha mita tatu kwa tatu au chini yake, shauri langu ni hili: achana na meza moja kwa moja. Nunua mkeka mkubwa wa ukindu, sinia pana na mito minne, basi. Mkeka unakalisha wanane pale ambapo meza inakalisha wanne, na baada ya chakula chumba kinarudi kuwa sebule. Wa plastiki unafaa barazani kwa sababu haujali mvua, lakini ndani unatoa jasho na unateleza kwenye sakafu ya marumaru. Wa ukindu upanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, uanike kivulini kwani jua kali hukausha nyuzi zikakatika, na ukimaliza ukunje kwa kuuviringisha, uusimamishe nyuma ya mlango. Ukiukunja pembe nne kama shuka, unavunjikia mistari ile ile kila siku, na hautafika Ramadhani ya pili.