Mkojo Unatoka Wapi? Mafigo Yetu na Vibomba vya Wadudu

Wamama wengi wanaokuja kliniki ya wenye mimba wanauliza ulizo moja: «Mama munganga, juu ya nini munatuombaka mukojo kila mara? Damu tu haitoshe?» Ulizo ni zuri. Jibu lake litaeleweka vizuri kama tukiangalia kwanza wanyama wadogo wanaotuzunguka nyumbani na shambani, kisha tujiangalie sisi wenyewe.

Kila kiumbe kinachokula kinapata uchafu wa namna mbili. Wa kwanza ni choo. Huo ni chakula ambacho mwili haukukipokea, kimepita tumboni tu. Wa pili unatoka ndani ya mwili wenyewe. Ukila maharagi, samaki ao nyama, mwili unavitumia kwa kujijenga, na mabaki yake yanaingia katika damu. Mabaki hayo ni sumu. Yakikaa, kiumbe kinakufa. Kwa hiyo Mwumbaji hakuacha hata mdudu mmoja bila njia ya kuyatoa, lakini njia si moja.

Tuangalie mnyoo wa udongo, ule watoto wanachimba kwa kuloba samaki. Hana mgongo, hana figo. Mwili wake umegawanyika pete pete, na karibu kila pete iko na vibomba viwili vidogo, kimoja kila upande, kila kimoja na tundu lake la kutokea. Ni sawa na nyumba ambayo kila chumba kina mtaro wake.

Mnyoo wa bilharzia iko na vyombo vidogo zaidi. Ndani yake mna vinyweleo vinavyochezacheza kama ulimi wa moto wa mshumaa, na vinasukuma mayi machafu nje. Tunamtaja huyu kwa sababu kuna namna moja yake inayokaa katika mishipa ya kuzunguka kibofu cha mtu. Mayai yake yana mwiba, yanapasua kibofu, na mtoto anakojoa damu. Mkojo wa damu kwa kijana si alama ya kukomaa. Ni ugonjwa, na dawa yake, prazikanteli, inauponyesha.

Sasa wadudu: panzi, mende, inswa, vinkubala. Hawa wana vibomba vyembamba kama uzi. Mwisho mmoja umefungwa na unaelea katika damu ya mdudu, mwisho mwingine unaingia katika matumbo. Vibomba vinaitwa kwa jina la Malpighi, mganga wa Italia wa karne ya 17. Vinavuta uchafu kutoka katika damu na kuutupa ndani ya matumbo. Huko mayi yanarudishwa mwilini, na uchafu unatoka mkavu pamoja na choo. Ndiyo maana hujaona mende anakojoa, na ndiyo maana anaishi vizuri ndani ya kabati kavu. Lakini mbu anatupa mayi mengi: yeye ana vibomba vitano, na mbu jike akikunywa damu yako, anaanza kudondosha matone palepale, maana tumbo limekuwa zito kwa kuruka.

Shikeni neno hili moja juu ya wadudu: damu yao haikimbii katika mishipa iliyofungwa kama yetu, inaogeshaogesha mwili ndani tu. Vibomba vyao havingoji nguvu ya moyo.

Wanyama wenye uti wa mgongo, yaani samaki, chura, nyoka, kuku, mbuzi na mtu, wote wana mafigo. Hata wao hawafanani. Samaki wa Luapula anaingiwa na mayi mchana na usiku, basi anakojoa mkojo mwingi mwepesi, na sumu yake nyingi inatokea kwa mashavu. Kuku hana kibofu. Ile rangi nyeupe juu ya mavi yake ndiyo mkojo wake, mkavu karibu kama wa mdudu.

Mtu iko na mafigo mawili, kila moja kadiri ya ngumi yake, nyuma, chini ya mbavu za mwisho. Ndani ya kila figo mna machujio madogo karibu milioni moja. Moyo unasukuma damu kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayofanya mayi ya damu yapite katika machujio. Kwa siku moja yanapita karibu lita 180, yaani bidoni tisa za lita 20. Karibu yote yanarudishwa katika damu. Lita moja ao mbili tu ndizo zinatoka kama mkojo.

Hapa ndipo jibu la ulizo letu. Kama nguvu ya damu, tunayoiita tensio, ikipanda sana, machujio yanaumia. Ikishuka sana, machujio hayachuji tena.

Kwa mwenye mimba, kupita mwezi wa tano, kuna ugonjwa unaotoka upande wa kondo la nyuma na kuharibu mishipa midogo ya mwili mzima. Tensio inafika 14 juu ya 9 ao zaidi, na machujio yanavuja albumini, ambayo ni mali ya damu na haipaswi kuonekana katika mkojo. Mwanzoni mama hasikii kitu. Anapika bukari, anafua, anaenda soko. Mkojo na tensio ndivyo vinasema. Baadaye kichwa kinauma sana, macho yanaona nyota, uso na mikono vinavimba, mahali pa juu ya tumbo panauma. Ukiona hivyo usingoje tarehe ya kliniki, wala usingoje bwana arudi kazini. Kuja siku ileile, hata usiku. Usipotunzwa, kifafa cha mimba kinaweza kufuata, na kinaua mama na mtoto. Si ulozi. Kinaweza kuja hata siku za nyuma ya kuzaa.

Kwa mtoto mdogo, hatari ni upande mwingine. Akiharisha na kutapika, mayi ya damu yanapunguka, nguvu inashuka, mafigo yanasimama. Mende angeweza kuvumilia ukavu, mtoto wako hawezi. Kama hajalowesha nguo kwa masaa sita, kama macho yameingia ndani, ao amelala bila nguvu, mlete mbio. Njiani aendelee kunyonya. Mpe serumu ya kunywa ya paketi, kidogo kidogo kwa kijiko. Kama paketi haiko, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya mayi yaliyochemka na kupoa. Na nkambo asimtie dawa ya mizizi kwa nyuma. Inazidisha kuharisha, na mizizi mingine ni sumu kwa mafigo.

Mafigo yanatoa pia sumu ambazo hatukuzitaka. Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza waliyoyaona katika mkojo wa watu wa Katanga. Wale wanaokaa chini ya kilomita tatu kutoka migodi ao viwanda vya kuyeyusha mawe walikuwa na kobalti nyingi kuliko ilivyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida, na watoto walikuwamo. Kwa hiyo baba akirudi kutoka kuchimba ao kuosha mawe, avue nguo na anawe mbele ya kubeba mtoto. Mawe yasilale ndani ya nyumba, na lengalenga ioshwe mara mbili kabla ya kupikwa.