Picha Yenye Chenga

Wajukuu zangu wa Kigonsera, leo sina sungura wala fisi. Nina habari ya mashine inayopiga picha ubongo wa mtoto mchanga, na ya kompyuta iliyofundishwa kuzisafisha picha hizo.

Tuanze na mtoto. Ndani ya ubongo wa kila mmoja wenu mna vyumba vidogo vyenye maji maangavu. Maji hayo hutengenezwa usiku na mchana, huzunguka, kisha hunyonywa na mwili. Njia ikiziba, yanajaa. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa bado haijaungana, hivyo kichwa kinatanuka, utosi unatuna na macho yanatazama chini. Huo ndio ugonjwa wa kichwa kikubwa. Mtoto hajarogwa, na mama yake hakukosea lolote. Hilo lishikeni hata mkisahau mengine yote.

Mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna hospitali ya watoto ya CURE. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani, alipofanya kazi pale aliona kwamba wengi wa watoto hao hawakuzaliwa hivyo: walipata maambukizi wakiwa wachanga, ndipo maji yakajaa. Akawa anaingiza kamera nyembamba ndani ya vile vyumba na kutoboa tundu dogo ili maji yapate njia mpya. Lakini kabla ya kutoboa, daktari lazima ajue maji yamekaa wapi, yametenganishwa na kuta ngapi, na ubongo umebaki na unene gani. Kwa hiyo anahitaji picha.

Mashine mojawapo ya kupigia picha hiyo ni MRI, nayo ni sumaku yenye nguvu nyingi. Inazipanga chembe za haidrojeni zilizomo kwenye maji ya mwili. Mawimbi ya redio yanazitikisa, nazo zinarudisha ishara ambayo kompyuta inaigeuza kuwa picha. Za hospitali kubwa aghalabu zina nguvu ya tesla 1.5, nyingi hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, na zinataka chumba maalumu na umeme wa uhakika. Hospitali ya wilaya itautoa wapi uwezo huo?

Mwaka 2022, Johnes Obungoloch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na wataalamu kutoka Uholanzi na Marekani, waliunda mashine ya kwao palepale Mbarara. Walipanga vipande vingi vya sumaku, vidogo vya kuenea kiganjani, vikazunguka nafasi ya kuingiza kichwa cha mtoto. Haihitaji heliamu. Ila nguvu yake ni takriban tesla 0.05, kama moja ya thelathini ya zile kubwa. Ishara inakuwa hafifu, mawimbi mengine ya jirani yanaifunika, na picha inatoka na chenga.

Kwa picha hafifu kama hizo, watu wameigeukia akili unde, hasa tawi lake liitwalo ujifunzaji wa kina. Kompyuta husomeshwa hivi: wanachukua picha nzuri, wanaiharibu makusudi kwa kuififisha na kuitia chenga, kisha wanaiambia kompyuta ikisie ile nzuri ilikuwaje. Ikikosea, hesabu zake za ndani zinarekebishwa kidogo. Inarudia hivyo mara maelfu kwa maelfu, mpaka picha mbovu ikiingia, inatoka inang'aa.

Lakini imeuona wapi huo ubongo unaong'aa? Mnajua ukungu unavyoshuka kwenye milima yetu ya Umatengo. Mzee aliyepita njia ileile miaka arobaini atawaambia, "Pale mbele kuna mwembe." Mara nyingi atakuwa sahihi, ijapokuwa haoni kitu. Ila kama mwembe ulikatwa juzi, atawaonyesha mti usiokuwepo, na kwa sauti ileile ya uhakika.

Kompyuta nayo hukisia kama mzee huyo, na hilo lilipimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watafiti, wakiwemo wa Mbale, walichukua picha za CT, yaani za eksirei ya kompyuta, za watoto wenye kichwa kikubwa, wakazififisha, kisha wakazisafisha kwa ujifunzaji wa kina. Mabingwa watatu wa upasuaji wa ubongo wa watoto wakaziangalia. Zilizosafishwa zilionekana kufaa zaidi, kwani maji na ubongo vilitofautiana waziwazi. Zilipowekwa kando ya picha halisi, makosa ya maumbo yakajitokeza, makosa yanayoweza kumpotosha daktari. Tena ikaonekana kwamba picha mbovu kuliko zinazokubaliwa kwa kawaida zinaweza kutosha kupangia matibabu. Watafiti wakasema picha hafifu huenda ikawa bora kuliko iliyopambwa, maana haimdanganyi daktari.

Mimi nakubaliana nao kabisa. Chenga humwambia daktari, "Hapa sioni." Ukuta wa kubuni haumwambii hivyo, na yeye ameshika chombo cha kutobolea.

Sisemi kompyuta iachwe. Nauliza imesomeshwa kwa vichwa vya nani. Iliyozoea ubongo wa watu wazima wenye afya haijawahi kuuona ule uliosukumwa na maji hadi ukabaki utando. Inaweza kuujaza, kwa kuwa kwa hesabu zake ubongo huwa umejaa. Picha za kuisomesha sawasawa zinapatikana kwa watoto wenyewe: Mbale, Mbarara, na hapa Tanzania katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambako watoto wenye kichwa kikubwa wanafanyiwa upasuaji.