Ajali ya nyuklia ikichafua maji, samaki wako ni salama?

Wewe uishiye Landless au Makongeni mjini Thika, au kule Ruiru, huenda ukadhani habari za bahari kuchafuliwa na kiwanda cha nyuklia hazikuhusu. Pwani iko mbali. Lakini jioni unaponunua omena, ngege au samaki wa barafu kutoka ng'ambo, chochote kilichokuwa majini alimoishi samaki huyo kinaweza kufika sahanini mwako.

Tena jambo hili limeanza kutukaribia. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa serikali wa kujenga huko kiwanda cha umeme wa nyuklia. Mwaka 2025 Siaya, kando ya Ziwa Victoria, nayo ikatajwa. Ni vyema basi kujua hatari yenyewe ni ipi.

Yaliyotokea Japani

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ardhi na mawimbi ya tsunami yalikikumba kiwanda cha Fukushima Daiichi nchini Japani. Umeme wa kuendesha pampu za kupoza mitambo ulikatika, na nishati ya nyuklia katika mitambo 3 ikayeyuka. Maji yaliyogusa nishati hiyo yalivujia baharini yakiwa na chembe zitoazo miale.

Chembe hizo si za aina moja. Iodini 131 hupungua kwa nusu kila siku 8, hivyo baada ya miezi michache huwa imekwisha. Siziamu 137 huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu, na mwili huisambaza misulini kana kwamba ni potasiamu. Strontiamu 90 hufanana na kalisi, kwa hiyo hukaa mifupani.

Je, bahari haizimui sumu hiyo? Huizimua, tena sana. Hata hivyo, sehemu ya siziamu hunata kwenye tope, wadudu wa topeni wakaila, nao samaki wakawala wadudu. Mei 2023, miaka 12 baada ya ajali, samaki mmoja aliyevuliwa ndani ya bandari ya kiwanda hicho alipatikana na bekereli 18,000 za siziamu kwa kilo. Kiwango kinachoruhusiwa Japani ni 100.

Ziwa lina shida zaidi. Maji yake ni machache kuliko ya bahari, na kwa kuwa yana potasiamu kidogo, samaki wa maji baridi hufyonza siziamu kwa wingi zaidi.

Madhara mwilini

Miale hujeruhi chembe hai za mwili, na kadiri mtu anavyopata nyingi ndivyo uwezekano wa saratani unavyoongezeka. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, maelfu ya watu waliokunywa maziwa yenye iodini 131 utotoni walipata saratani ya tezi ya koo, ile ambayo ikivimba huitwa rovu.

Lakini usiogope kila miale. Mwili wako wenyewe una bekereli zipatazo 4,000 za potasiamu asilia. Swali si kama miale ipo, bali ni kiasi gani na ya aina gani. Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa, Agosti 2023, iliweka kikomo cha bekereli 1,500 za tritiamu kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000.

Ufanye nini?

Kwanza, usidanganywe na uvumi. Mwaka 2011 watu nchini China waligombania chumvi madukani wakidhani itawakinga. Chumvi hiyo ingebidi uile kwa kilo ndipo upate iodini ya kutosha, nawe ungeugua kabla. Kamwe usinywe dawa ya vidonda yenye iodini. Tembe maalumu za iodini hukinga tezi ya koo tu, nazo humezwa kwa maagizo ya wakuu wa afya.

Pili, usitegemee jiko. Moto hauui miale. Kuchemsha huweza kuhamisha sehemu ya siziamu kutoka kwenye nyama ya samaki hadi kwenye mchuzi, basi.

Tatu, miale haionekani wala hainuki. Kipimo pekee ndicho kiionacho. Kenya ina Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kabla jiwe la msingi halijawekwa popote, mulize mbunge wako: maji, tope na samaki wa mahali hapo wamepimwa, na matokeo yako wapi? Bila kujua hali ilivyokuwa kabla, hakuna atakayeweza kukuthibitishia baadaye kwamba samaki wako hajabadilika.

Kwa sasa, omena wako hana kosa. Mle.