Maleba na Hukumu ya Haraka: Mavazi Yanavyomjenga Mhusika katika Drama ya Televisheni

Maleba ni mavazi na mapambo anayovaa mwigizaji ili afanane na mhusika anayemwakilisha. Maana hiyo uliipata zamani, ulipofunzwa fasihi simulizi. Lakini kuna jambo ambalo watahiniwa wengi hulipita: maleba humfanya mtazamaji amhukumu mhusika kabla hajafungua kinywa.

Mwandishi wa riwaya anaweza kutumia kurasa tatu kumweleza mtu mmoja. Kipindi cha nusu saa hakina nafasi hiyo. Kwa hivyo mwelekezi huchukua njia ya mkato. Akitaka mganga, humvika ngozi na shanga na kumpa usinga mkononi. Akitaka msichana wa mashambani, humfunga kitambaa kichwani. Mwanamke anayekuja kuvunja ndoa ya watu utamjua kwa kucha ndefu na rangi ya mdomo, na mwanasiasa mlafi kwa kitambi kinachosukuma vifungo vya koti. Hizi ni taswira zilizoganda: picha moja inayobandikwa kundi zima la watu, kana kwamba wote wana tabia moja. Mhusika aliyejengwa kwa taswira hiyo pekee huwa bapa. Habadiliki, wala hakushangazi.

Lafudhi nayo huvaliwa kama koti. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kipindi kilichopendwa sana katika KBC, alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi hawakulijua hilo. Tunasifu ustadi wake, na ni haki. Hata hivyo jiulize: ikiwa mtu wa jamii nyingine anaweza kuivaa lafudhi hiyo na sote tukaamini, je, tulikuwa tunamwona Mjaluo au tulikuwa tunaiona picha ya Mjaluo tuliyokuwa nayo vichwani?

Mfano wenye manufaa zaidi kwako ni Papa Shirandula, kipindi cha Citizen TV kilichoanza mwaka wa 2007. Papa, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, ni mlinzi. Mkewe, Wilbroda, anaamini kwamba mumewe ana kazi kubwa ofisini. Hapa maleba si pambo tena. Ndiyo yanayobeba mgogoro. Suti ni uongo na sare ya mlinzi ni ukweli, na kicheko chote kinatokana na hofu ya Papa kwamba siku moja mkewe atamkuta ndani ya ile sare.

Sasa tazama kwa nini anaificha. Kazi ya ulinzi ni halali na ndiyo inayolisha nyumba yake. Anachokiogopa ni jinsi tunavyomtazama mtu aliyevaa sare hiyo: tunamwona kuwa hakusoma, hana akili, ni wa kufungua lango tu. Huenda mzazi wako, au wa jirani yako darasani, huivaa kila jioni. Kwa hivyo kichekesho hiki kinamcheka Papa, lakini pia kinamfichua mtazamaji. Mhusika wa aina hii ni vigumu kumwita bapa, maana vazi lake linasema jambo moja na moyo wake jingine.

Drama za shuleni, kama Tahidi High, zina shida tofauti. Sare ni moja kwa wote, basi tofauti hutafutwa katika uvaaji: tai iliyolegezwa, shati lililochomolewa. Mwalimu wako wa zamu anaijua lugha hiyo vizuri.

Haya yanakuhusu katika Karatasi ya Tatu. Chukua Yona katika Bembea ya Maisha. Kundi la wanafunzi likiambiwa kuiigiza tamthilia hiyo, mara moja litamtafutia koti chafu na chupa, kwa kuwa ni mlevi. Lakini Yona pia ni mtu aliyesoma na kufundisha. Koti chafu likiwa ndilo vazi lake pekee, mwalimu yule anafutika, na anguko lake linapoteza uchungu. Pengine koti la mwalimu lililochakaa, bado na kalamu mfukoni, lingemtendea haki zaidi.

Unapojibu swali la sifa za wahusika, usitumie sura au vazi kama ushahidi wa tabia. Anza na matendo yake, kauli zake na yale ambayo wengine wanasema kumhusu. Vazi litaje pale linapounga mkono ushahidi huo au, bora zaidi, linapoupinga.

Zoezi
Chagua mhusika mmoja katika tamthilia unayosoma. Mvishe kwa namna mbili: kwanza vile mtazamaji angetarajia, kisha kwa vazi linalopingana na matarajio hayo. Eleza kila vazi linaficha nini kumhusu. (alama 10)