Sindano ya Safarini: Tumbo, Paja au Mkono?

Wanangu wa Mghange, ile safari ya Voi mnaijua. Unapanda matatu asubuhi umevaa sweta, ukungu bado umelala juu ya mashamba, kisha gari linateremka kona baada ya kona mpaka Mwatate. Ukishuka Voi, sweta iko kiunoni na jasho linakutoka. Kwetu juu, kilele cha Vuria kimepita mita 2,200 kutoka usawa wa bahari; Voi iko kwenye mita 600 hivi. Mtoto mwenye kisukari husafiri na dawa yake katika baridi yote hiyo na joto lote hilo, na saa ya kula ikifika lazima aamue: insulini aichome wapi?

Hebu tumwazie msichana wa gredi ya saba, ameketi na mama yake katika hoteli karibu na soko la Voi. Insulini yake ya mchana ni ile angavu kama maji, ambayo huchomwa nusu saa hivi kabla ya kula. Ameshashika mkoba wake wa dawa.

"Ngoja kwanza, mwanangu," mama anamwambia. "Nimuulize mhudumu kama wali umeiva."

Mama ana akili. Insulini ikishaingia mwilini haingoji sufuria. Chakula kikichelewa, sukari ya damu inashuka na mtoto anaanza kutetemeka.

Wali upo. Sasa, wapi? Insulini inatakiwa kutua kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, isifike kwenye msuli. Sehemu zinazofaa ni nne: tumbo, upande wa nyuma wa mkono juu ya kiwiko, paja kwa mbele na pembeni, na matako sehemu ya juu. Hiyo angavu huingia kwenye damu upesi zaidi ikichomwa tumboni, na polepole zaidi ikichomwa pajani au matakoni.

Paja linavutia, kwa kuwa ukiketi liko hapo mbele yako. Lakini fikirini yanayofuata: wakishakula watazunguka soko zima. Msuli unaofanya kazi hupelekewa damu nyingi, na damu hiyo huibeba insulini haraka kuliko ilivyopangwa. Joto la Voi nalo huongeza kasi. Ndiyo maana anayekwenda kucheza mpira au kupanda mlima hashauriwi kuchoma mguuni muda mfupi kabla. Mkono ni mgumu kuufikia ukiwa peke yako. Msichana wetu anachagua tumbo.

Hakimbilii chooni. Mimi namuunga mkono: choo kina giza na unyevu, na mara nyingi hakuna pa kuweka chupa. Amenawa mikono kwa sabuni na kuikausha. Anaugeukia ukuta, mama anamkingia leso, naye anainua blauzi kidogo. Anapima vidole viwili kutoka kitovuni, maana karibu zaidi ya hapo hapachomwi. Jana saa hizi alichoma kushoto. Leo ni kulia, na kesho atasogea walau upana wa kidole. Anaifinya ngozi taratibu, anaingiza sindano, anasukuma dawa, anahesabu hadi kumi ndipo anachomoa. Wali bado haujafika mezani.

Kusogea huko ndiko wengi wanakokusahau, hasa wanapojificha. Mtoto mwenye haya hutafuta pahali pamoja pa haraka, akapachoma kila siku mpaka panavimba na kuwa laini kama donge la ugali. Hapaumi sana, kwa hiyo anazidi kupapenda. Dawa ikiingia hapo hunyonywa ovyo, leo kidogo, kesho nyingi, na sukari inapanda na kushuka bila mtu kujua sababu. Papase ngozi yako kwa vidole. Ukikuta donge, paache papumzike na umwonyeshe muuguzi kliniki.

Usumbufu wote huu una thamani yake. Wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Dawa ya siku ile haikuwa safi, na palipochomwa sindano pakafanya jipu. Ilisafishwa, akachomwa tena mwezi uleule, na sukari yake ikashuka. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari kinachohitaji insulini hakuwa na maisha marefu mbele yake.

Nawe unayesoma na mwenye kisukari darasa moja: akiinua blauzi au shati achome sindano, mkingie, usimcheke. Ukimwona anatetemeka, anatoka jasho na kuchanganya maneno, mpe haraka maji ya sukari au soda ya kawaida, kisha umwite mwalimu. Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni; mlazeni kwa ubavu na mtafute gari la kumkimbiza hospitali.