Kifua kikuu: Kwa nini unaombwa makohozi na si damu?

Umekohoa wiki mbili au zaidi. Usiku unatoka jasho, nguo zimeanza kukupwaya. Unafika zahanati ukitarajia kutolewa damu, lakini mhudumu anakupa kikopo cha makohozi. Wengi huuliza: malaria na VVU hupimwa kwa tone la damu, kwa nini kifua kikuu, yaani TB, kisipimwe hivyo?

Jibu liko katika namna mwili unavyopambana na ugonjwa huu. Bakteria wa TB huingia kwa hewa tunayovuta. Kwenye mapafu, chembe za kinga huwameza, na zikishindwa kuwaua huwazingira wasitoke. Katika mapambano hayo mwili hutoa protini mbalimbali. Moja ni interferoni-gama, ambayo huzipa chembe za kinga nguvu ya kushambulia. Nyingine ni CRP, inayotengenezwa na ini mwili unapopata maambukizi au jeraha.

Protini hizi hupimika kwenye damu. Tatizo ni kwamba zinaonyesha vita, hazimwonyeshi adui. CRP hupanda mtu akiwa na TB, lakini hupanda pia akiwa na nimonia au kidonda kilichooza. Ni kama mbwa anayebweka usiku: unajua kuna kitu nje, lakini hujui kama ni mwizi au fisi.

Kipimo cha interferoni-gama nacho huonyesha kwamba kinga yako imeshakutana na bakteria wa TB. Hakisemi kama wamelala au wanakuumiza sasa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba takriban robo ya watu duniani wameambukizwa, lakini kati ya kila 100 walioambukizwa, ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao.

Vipo pia vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili za TB. Mwaka 2011 WHO ilizishauri nchi zisivitumie kutambua ugonjwa huu, kwa sababu vilikosea mno: wagonjwa waliambiwa ni wazima, na wazima wakaambiwa wanaumwa.

Hata hivyo damu ina kazi yake. Tangu 2021 WHO inapendekeza CRP itumike kuwachuja watu wanaoishi na VVU: ikizidi miligramu 5 kwa lita, mtu afanyiwe kipimo cha TB chenyewe. Watafiti nao wanajaribu kusoma protini kadhaa kwa pamoja, jambo litakalowasaidia sana watoto wadogo, ambao hawawezi kutoa makohozi.

Kwa sasa, makohozi ndiyo yanayobeba bakteria wenyewe, na mashine ya GeneXpert huweza kuwatambua kwa takriban saa mbili. Unapopewa kikopo, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani, usiteme mate tu. Na ukiambiwa damu yako ni safi huku kikohozi kinaendelea, usikae nyumbani. Rudi kituoni, uombe kipimo cha makohozi. Katika vituo vya serikali Tanzania na Kenya, matibabu ya TB ni bure.