Nguru na Jodari

Mtu asimamapo alfajiri katika diko la Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, akatazama kupita kisiwa cha Wasini, huwa pana mbele yake bahari za namna mbili: ya karibu, yenye miamba na mafungu, na ya mbali, Mkondo wa Pemba, ambako kina huteremka kwa mamia ya mita na maji yakageuka buluu iliyoiva. Katika ile ya kwanza aghalabu hukaa nguru, na katika ya pili hupita jodari. Nami naona kwamba tofauti zilizo baina ya samaki hawa, katika ndoana na katika chungu, asili yake ni maji hayo.

Kwa nasaba ni ndugu, kwani wote wawili ni wa jamaa moja na vibua. Lakini nguru ana mwili mrefu uliobanwa mbavu, wenye michirizi ya wima iliyopindapinda kama mawimbi, na meno yawezayo kuukata mshipi wa nailoni kwa pigo moja, ndiyo sababu wavuvi hutia kipande cha waya mbele ya ndoana. Huwinda kandokando ya miamba, na akiona chambo kikikokotwa nyuma ya mashua hukirukia kwa ghadhabu, mara nyingine akatoka mzima hewani. Mbio zake za mwanzo ni za kutisha, ila hazidumu.

Jodari, ambaye watu wa Oman humwita jaidhari kama wamwitavyo nguru kanadi, ameumbwa mnene katikati na kuchongoka ncha zote mbili mithili ya kokwa ya tende, na mapezi yake ni ya manjano. Aweza kuzidi kilo 100. Huyu hana ruhusa ya kupumzika, maana sharti aogelee usiku na mchana ili maji yapite matamvuani apate pumzi. Fauka ya hayo, mishipa yake ya damu imepangwa kwa namna ya kuzuia joto la misuli lisipotee, hata nyama yake ikawa na joto kuliko bahari anamopita. Akinaswa haruki, bali huzama kilindini na kuzunguka chini ya chombo, na mvuvi aliyezoea nguru hudhani ndoana imenasa mwamba, mpaka mwamba wenyewe unapoanza kwenda.

Nguvu hiyo ndiyo iliyoifanya nyama ya jodari kuwa nyekundu, kwa wingi wa ile rangi ihifadhiyo hewa ndani ya misuli. Ya nguru ni nyeupe, yenye mafuta ya kiasi. Hukatwa vipande vya mviringo, ikabanikwa juu ya makaa na kupakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili, tui likaingia hata mfupani. Kwa samaki wa kupaka sioni wa kumshinda nguru, na akifanywa ng'onda pia hustahili sifa. Ama jodari, nimesikitika mara nyingi kuona akitokoswa katika mchuzi kwa saa nzima hata akawa kama ukuni, kisha akalaumiwa yeye. Nyama yake yataka moto mkali na muda mchache: mishkaki minene iliyokolea ndimu na thomu, ikaepuliwa kabla unyevu wa ndani haujakauka.

Na yataka ubaridi tangu baharini. Jodari akiachwa juani, vijidudu huzalisha ndani ya mnofu sumu isiyoondoshwa na moto, nayo humletea mlaji wekundu wa uso, muwasho na maumivu ya kichwa. Nguru naye hasalimiki na taksiri hiyo, lakini jodari, kwa joto lake la mapambano, huharibika upesi zaidi. Kwa hiyo nahodha ajuaye kazi hamwachi akipigapiga sitahani: humchanja nyuma ya pezi la ubavuni, damu ikatiririka, kisha humfukia katika barafu, na jioni, kisu kinapopita, mnofu hutoka mwekundu wa kung'aa kama tikiti, ilhali wa yule aliyelazwa juani huwa wa kahawia na huvuja maji ubaoni.